Mafunzo ya matangazo mitandaoni: Daktari wa meno ayatumie vipi ili yamlipe?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa leo nao wana msemo wao: biashara matangazo. Madaktari wa meno wa mijini wamekaa katikati ya misemo hiyo miwili, na wengi wao hawajaamua waegemee upande upi.

Kwa miaka mingi daktari alilelewa kuamini kuwa kazi yake njema ndiyo tangazo lake. Mgonjwa aliyetibiwa vizuri alimweleza jirani, jirani akamweleza shemeji, na taratibu kliniki ikajaa. Bango la mlangoni lenye picha ya jino lilitosha.

Hali hiyo imebadilika. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. TikTok ikaanza kuenea duniani mwaka 2017. Leo mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anayeumwa jino usiku wa manane hushika simu kwanza kabla hajamuuliza jirani. Anachokiona katika simu hiyo ndicho kinachoamua asubuhi ataelekea wapi.

Kutokana na mabadiliko hayo, mafunzo ya kutangaza huduma kwa njia ya mitandao ya kijamii yamekuwa biashara inayojitegemea. Zipo semina za saa chache, warsha za siku mbili na masomo ya wiki kadhaa yanayotolewa kupitia intaneti. Baadhi yake hulenga wataalamu wa afya peke yao, wakiwamo madaktari na matabibu wa kinywa na meno.

Hata hivyo, kuhudhuria ni jambo moja na kunufaika ni jambo jingine. Mshiriki anaweza kurudi na cheti, daftari lililojaa na hamasa kubwa, lakini baada ya mwezi mmoja ukurasa wa kliniki ukawa umelala kama zamani. Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Ukurasa unaweza kuamka kupita kiasi, hadi picha ya mgonjwa ambaye hakuulizwa ikazunguka mtaani.

Kwa hiyo, swali linalostahili kuulizwa si kama daktari ahudhurie mafunzo hayo au la. Swali ni namna gani ayatumie ili yailipe kliniki bila kumdhuru mgonjwa.

Kinachotafutwa si makofi

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali ya afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, ilieleza kuwa karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, yaani karibu nusu ya watu wote. Ugonjwa ulioenea zaidi ni kuoza kwa meno ya ukubwani bila kutibiwa. Sehemu kubwa ya magonjwa hayo huweza kuzuilika.

Madaktari wa Afrika Mashariki wanaifahamu picha hiyo bila hata kusoma ripoti. Mgonjwa huvumilia, husukutua maji ya chumvi, humeza dawa za maumivu, na hufika kliniki siku ambayo hawezi tena kulala. Tundu ambalo lingezibwa mapema linakuwa limefika kwenye mzizi, na jino ambalo lingeokolewa linang'olewa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Tangazo bora la daktari wa meno ni lile linalomleta mgonjwa mapema zaidi. Anayekuja mapema hulipa kidogo, huumia kidogo na hubaki na jino lake. Kliniki nayo humpata mtu atakayerudi kila baada ya muda kuangaliwa, badala ya mtu anayekuja mara moja kwa kung'olewa na kutoweka.

Kipimo hicho kikikosekana, mafunzo yote hugeuka kuwa mashindano ya kuhesabu wafuasi. Ukurasa unaweza kupata alama za kupenda elfu kumi kwa video ya kuchekesha, na bado viti vya kliniki vikabaki vitupu. Hayo ni makofi tu.

Kabla ya kulipa ada

Sehemu kubwa ya faida ya mafunzo huamuliwa kabla mshiriki hajaingia darasani. Jambo la kwanza ni kuzijua hesabu za kliniki yake mwenyewe.

Daktari anapaswa kufahamu, kwa miezi mitatu iliyopita, alipata wagonjwa wapya wangapi kila mwezi, walitoka maeneo gani, walifuata huduma ipi, na ni wangapi walioahidiwa siku lakini hawakutokea. Vile vile anapaswa kujua waliifahamuje kliniki. Bila takwimu hizo hawezi kujua kama mafunzo yamemsaidia, kwa kuwa hajui alipoanzia.

Jambo la pili ni kwenda na swali moja. Kliniki ambayo viti vyake hukaa vitupu asubuhi ina tatizo tofauti na ile inayopigiwa simu nyingi za kuulizia bei bila watu kufika. Kliniki iliyomwajiri mtaalamu wa kupanga meno kwa waya ina haja tofauti na ile inayotaka wazazi walete watoto kukaguliwa wakati wa likizo za shule. Mwenye swali lake huchuja yale anayoyasikia, lakini asiye na swali huandika kila kitu na asifanye hata kimoja.

Jambo la tatu ni kumchunguza mkufunzi. Yapo maswali matatu yanayofaa kuulizwa kabla ya kutoa fedha. Je, anaweza kuonyesha hesabu za kampeni moja kuanzia fedha iliyotumika hadi watu waliofika dukani au kliniki? Je, anazifahamu kanuni zinazowabana wataalamu wa afya, au anafundisha kana kwamba kliniki ni duka la viatu? Na baada ya darasa kwisha, nani atajibu maswali?

Mkufunzi anayeahidi maelfu ya wafuasi ndani ya wiki moja anafaa kuepukwa. Wafuasi wa kununuliwa ni akaunti bandia au za watu walio mbali. Hawana meno ya kutibiwa, na huharibu hesabu za ukurasa kwa muda mrefu.

Ikumbukwe pia kuwa si kila kitu kinahitaji kulipiwa. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, hutoa masomo ya msingi bila malipo kupitia intaneti. Inafaa mshiriki ayapitie masomo hayo kwanza, ili siku aliyoilipia isiishie kwenye namna ya kufungua akaunti.

Jambo la nne linahusu nani aende. Mara nyingi daktari huhudhuria peke yake, kisha hurudi kumwagiza mhudumu wa mapokezi mambo ambayo mhudumu huyo hakuyasikia. Wengine hufanya kinyume, wakamtuma kijana wa ofisini ambaye hana mamlaka ya kuamua lolote. Panapowezekana waende wawili: mwenye kauli ya mwisho kuhusu tiba, na yule atakayeshika simu kila siku.

Aidha, mabaraza ya taaluma hudai mafunzo endelevu ili leseni ihuishwe. Daktari asidhani kuwa kila semina inahesabiwa. Aulize mapema.

Ndani ya darasa

Somo la lazima ni namna mitandao inavyochagua kinachoonekana. Kila mtandao hutumia mfumo wa kompyuta unaokisia ni kitu gani kitamshikilia mtumiaji muda mrefu zaidi, kisha humwonyesha hicho kwanza. Mwezi Januari 2018, Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara.

Maana yake ni kwamba kliniki yenye wafuasi 5,000 haizungumzi na watu 5,000 kila inapoweka chapisho. Ni sehemu tu ya watu hao watakaoliona. Daktari anayelielewa jambo hilo hatamlaumu mfanyakazi wake bure, na atajua kwa nini mitandao hiyo inamhimiza alipie matangazo.

Tangazo la kulipia lina faida yake, kwani mwenye kliniki anaweza kuchagua eneo na umri wa watu anaotaka walione. Hata hivyo, mgonjwa wa kawaida havuki jiji zima kwenda kusafisha meno. Kliniki ya Mbezi inayolipia tangazo likaonekana Mwanza na Mbeya inatwanga maji kwenye kinu. Mshiriki ahakikishe anafundishwa kuweka mpaka wa kilomita chache kuizunguka kliniki, na kuelekeza wanaoliona tangazo kwenye namba ya WhatsApp ya kazi badala ya simu ya mtu binafsi.

Mafunzo yenye manufaa huwa ya vitendo. Mshiriki aombe kufanya mazoezi kwa akaunti ya kliniki yake mwenyewe humo humo darasani. Aandike chapisho, arekodi video fupi, aweke tangazo la kiasi kidogo cha fedha, kisha asome matokeo mbele ya mkufunzi. Kosa linalofanyika darasani hugharimu kidogo kuliko linalofanyika ofisini bila mtu wa kuuliza.

Swali ambalo huwasumbua wengi ni waweke nini. Hazina ya daktari iko kwenye kiti chake, katika maswali anayoulizwa kila siku na wagonjwa, ambayo amekwisha kuyazoea kiasi cha kuyaona madogo.

Mfano mmoja ni gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto anapokaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni jino la utotoni litakalong'oka lenyewe, na huliacha lioze. Video ya dakika moja inayoeleza jambo hilo inaweza kuokoa meno mengi kuliko bango lolote.

Mfano mwingine ni meno ya rangi ya kahawia kwa watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, ambako maji ya baadhi ya vyanzo yana madini mengi ya floraidi. Madoa hayo huingia jino linapojengeka utotoni. Hayatoki kwa kusugua, na anayetumia mkaa kuyaondoa hujimalizia tabaka la juu la jino. Maelezo hayo humwondolea mtu aibu na humwepusha na hasara.

Lipo pia suala la kile kinachoitwa meno ya plastiki. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hupelekwa kwa mtu wa kumchana fizi, akidaiwa kuwa ameota meno hayo. Kinachotolewa ni vichipukizi vya meno yake halisi, na mtoto hubaki katika hatari ya kuvuja damu na kupata maambukizi. Daktari anayelieleza jambo hilo kwa upole, bila kuwakejeli akina mama, anafanya kazi ya tiba na ya matangazo kwa wakati mmoja.

Somo lisilopaswa kurukwa

Yote hayo yana mpaka, nao ni siri ya mgonjwa. Mshiriki anayeona ratiba ya mafunzo isiyo na somo hilo ana haki ya kuuliza kwa nini.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayoisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Katika nchi zote mbili, taarifa za afya ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi zaidi.

Sheria hizo si za kuwekwa kabatini. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni za nchi hiyo kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ikiwa picha ya mtu aliyekaa kwenye starehe imegharimu kiasi hicho, ni rahisi kukisia uzito wa picha ya mtu aliyefunua kinywa mbele ya daktari.

Wakati mwingine picha haihitajiki ili siri ivuje. Mwaka 2019, kliniki moja ya meno ya mjini Dallas, Marekani, ililipa dola 10,000 baada ya kujibu maoni ya mgonjwa katika mtandao wa Yelp huku ikitaja jina lake la ukoo na habari za hali yake ya afya. Pengine aliyeandika jibu lile alidhani anaitetea kliniki.

Fundisho lake ni wazi. Mgonjwa akilalamika hadharani, kliniki haijibishani naye hadharani, na haithibitishi hata kwamba aliwahi kutibiwa pale. Inamshukuru kwa maoni, inaeleza kwa jumla kuwa inachukulia malalamiko kwa uzito, na inampa namba ya kupiga ili wazungumze faraghani.

Picha za kabla na baada ya tiba nazo zinahitaji uangalifu. Ridhaa ya kutibiwa si ridhaa ya kupigwa picha, na ridhaa ya kupigwa picha kwa ajili ya kumbukumbu za tiba si ridhaa ya kuwekwa Instagram. Kila moja iombwe kwa maandishi na kwa wakati wake.

Fomu ieleze picha itawekwa wapi, itatumika kwa lengo gani, na kwamba mgonjwa anaweza kubadili mawazo bila kunyimwa huduma. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa. Isitoshe, si haki kumwomba mtu ruhusa akiwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi na ganzi ikifanya kazi. Aombwe akiwa ameketi, anaweza kusema hapana.

Kufunika macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Ndugu wa mgonjwa wataijua kidevu, kovu au hereni. Picha ya eksirei huwa na jina pembeni, na kadi ya mgonjwa huweza kuonekana mezani nyuma ya daktari anayetabasamu. Vile vile wafanyakazi wakatazwe kabisa kupiga picha za wagonjwa kwa simu zao binafsi, kwani stetasi ya WhatsApp ya msaidizi mmoja yatosha kuvunja uaminifu uliojengwa kwa miaka kumi.

Mbali na sheria za taarifa, kila daktari anabanwa na kanuni za baraza lake kuhusu namna ya kujitangaza. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Inafaa kanuni hizo zisomwe kabla ya semina, ili mshiriki amuulize mkufunzi pale ushauri wake unapogongana nazo.

Siku tisini za kwanza

Mafunzo hufa au huishi katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya darasa. Njia rahisi ya kuyafanya yaishi ni kuchagua mambo matatu tu kati ya yote yaliyofundishwa, kuyapa mwenyewe na kuyawekea siku.

Kwa mfano, kliniki inaweza kuamua kuweka machapisho mawili kwa wiki, kujibu kila ujumbe ndani ya saa za kazi, na kumkumbusha kila mgonjwa siku moja kabla ya miadi yake. Lolote linaloandikwa kuhusu tiba lipitiwe na daktari kabla ya kuwekwa. Machapisho mawili sahihi yana thamani kuliko saba yaliyonakiliwa kwingine.

Kipimo kiwe daftari la mapokezi. Kila mgonjwa mpya aulizwe ameifahamuje kliniki, na jibu liandikwe. Mwisho wa mwezi, gharama zote zijumlishwe na kugawanywa kwa idadi ya watu waliofika kweli.

Chukulia mfano wa kliniki iliyotumia Sh200,000 za Tanzania kwa matangazo, Sh150,000 kumlipa mpiga video na Sh50,000 za bando la intaneti. Jumla ni Sh400,000. Ikiwa watu 100 walituma ujumbe, 40 wakapewa miadi na 20 wakafika, basi kila mgonjwa mpya amegharimu Sh20,000.

Mwezi unaofuata, kwa gharama ile ile, ujumbe unaweza kupungua hadi 60 lakini wakafika watu 25. Anayehesabu ujumbe ataona ameshindwa. Anayesoma daftari ataona gharama ya kila mgonjwa imeshuka hadi Sh16,000, na kwamba pengine siri ya mafanikio hayo ni mhudumu wa mapokezi aliyejifunza kujibu haraka na kwa heshima.

Daftari hilo liwe na safu moja zaidi: mgonjwa alikuja kufanyiwa nini. Wakiongezeka waliokuja kukaguliwa, kusafishwa au kuzibwa jino, wakapungua waliokuja kung'olewa, hapo daktari atajua kuwa ujumbe wake unafika.

Swali la bei nalo lazima lipatiwe utaratibu, kwa kuwa ndilo linalotawala sehemu ya maoni. Jibu la "njoo ofisini" huwafukuza watu, na bei moja iliyotajwa bila maelezo huzua ugomvi. Inafaa kutaja gharama ya kumwona daktari na uchunguzi, kisha kueleza kuwa gharama ya tiba hutegemea hali ya jino na kwamba mgonjwa ataambiwa kabla kazi haijaanza.

Maoni ya sifa yasitungwe wala kununuliwa. Marekani imeweka kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayopiga marufuku maoni bandia ya wateja na kuruhusu watozwe faini wanaoyanunua. Hata pasipo na kanuni kama hiyo, wateja wa mjini ni werevu. Sifa ishirini zilizoandikwa siku moja kwa maneno yanayofanana hujisema zenyewe.

Jambo jingine linalosahaulika ni nani anayemiliki ukurasa. Si ajabu akaunti ya kliniki ikafunguliwa kwa namba ya simu na barua pepe za mfanyakazi kijana. Siku anapoondoka, huondoka na maneno ya siri, picha na wafuasi. Akaunti ifunguliwe kwa namba na anwani za kliniki, iwe na wasimamizi wasiopungua wawili, na iwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Kazi hiyo huchukua nusu saa.

Simu haitibu jino

Kadiri ukurasa unavyofahamika, ndivyo watu wanavyotuma picha za vinywa vyao wakitaka kuandikiwa dawa. Kliniki isikubali kuugeuza ujumbe wa simu kuwa chumba cha uchunguzi. Picha haionyeshi mzizi wala kilichojificha kati ya meno mawili, na dawa iliyotajwa kwa mmoja itanunuliwa na wengine kumi waliosoma.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo mhudumu wa mapokezi afundishwe kuzitambua. Mtu anayeeleza kuwa uso au shingo imevimba, ana homa, anashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, asiwekwe kwenye foleni ya miadi ya wiki ijayo. Aambiwe aende hospitali mara moja, kwani maambukizi yanayoanzia kwenye jino huweza kusambaa na kuhatarisha maisha.

Kwa upande wa wananchi, kurasa hizo zinaweza kuwa msaada au mtego. Ukurasa wa kuaminika hutaja jina la daktari na kliniki mahali ilipo, hauahidi tiba isiyoshindwa, na hauwaweki wagonjwa hadharani kama mapambo. Mtu yeyote ana haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na baraza lake. Anayeuza waya za meno au dawa za kung'arisha kwa punguzo la leo tu, bila kutaka kwanza kuona kinywa, anafaa kutiliwa shaka hata akiwa na wafuasi laki moja.

Wahenga hawakukosea waliposema kizuri chajiuza. Lakini katika jiji la mamilioni ya watu, kizuri kilichofichwa nyuma ya ngazi za ghorofa ya tatu hakiwezi kujiuza kwa asiyejua kuwa kipo. Mafunzo ya mitandao humfundisha daktari kuwasha taa mlangoni. Kinachomkuta mgonjwa baada ya kuingia, yaani mikono safi, maelezo ya kweli na siri iliyotunzwa, hakifundishwi katika semina ya matangazo, na ndicho kitakachomfanya arudi na mwanawe kabla jino halijaanza kuuma.